Dalili za Majira Mapya Shambani, na Mvua ya Kupandia

Mkulima, ukipita katika njia ya kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa mwezi wa Septemba, utaona jambo ambalo wageni hulishangaa. Mvua kubwa ilikwisha tangu Aprili au Mei. Nyasi zimekauka, na mahali pengine zimeungua. Ukipiga jembe linaruka kama limegonga jiwe. Hata hivyo miombo porini inatoa majani mapya. Majani hayo hayaanzi na rangi ya kijani; kwanza ni mekundu kama shaba, hata kilima kizima chaweza kuonekana kama kinawaka, na baada ya wiki chache yanageuka kuwa kijani kama majani mengine.

Huo ndio mwanzo wa majira mapya katika nchi yetu. Katika Ulaya majira ya namna hii huja mwezi wa Machi na Aprili, theluji inapoyeyuka. Kwetu kinachozuia jembe ni ukavu, wala si baridi. Kwa hiyo mkulima wa huku hutazama dalili za mvua, kama vile yule wa Ulaya anavyotazama dalili za joto.

Kutazama dalili ni vizuri. Mtu asiyezitazama hukutwa na mvua shamba lake likiwa bado kichaka. Lakini kila mwaka wako wengine wanaoziamini kupita kiasi. Wanaona miti imechipua, wanasikia ngurumo, mvua moja inanyesha usiku, na asubuhi mbegu yote inaingia ardhini. Kisha jua linawaka wiki mbili au tatu. Mahindi yanaota, yanasinyaa, yanakufa. Kumbuka kwamba ekari moja ya karanga hutaka kiasi cha kilo 35 hadi 40 za mbegu zilizobanguliwa. Hicho ni chakula cha nyumba kwa siku nyingi. Mtu aliyekipoteza mwezi wa Novemba hukikumbuka Februari, ghala likiwa tupu na mazao mapya hayajakomaa. Kwa sababu hiyo yafaa tueleze kila dalili inasema nini, na nini haisemi.

MWEMBE NA MKOROSHO HUTANGULIA

Dalili za kwanza huja mapema sana, wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti. Mwembe hutoa maua. Watu wengine husema kwamba miembe ikichanua sana mvua itakuwa nyingi. Sivyo. Mwembe huchanua kwa sababu umepata siku za ubaridi baada ya kukua. Maua yake yanakueleza habari ya baridi iliyopita, wala hayajui lolote juu ya mvua ya Desemba.

Mkorosho nao huanza kutoa majani mapya na maua wakati huo huo, kuanzia Juni hadi Septemba. Hapa dalili ina kazi yake, nayo si ya kungojea mvua. Majani machanga na maua ndiyo yanayoshambuliwa na ugonjwa wa ubwiri unga, ambao ulianza kuonekana katika mikorosho ya kusini mwishoni mwa miaka ya 1970. Utauona kama unga mweupe wa kijivu juu ya majani machanga na maua. Maua yaliyoshikwa hukauka bila kuzaa korosho hata moja.

Basi usingoje kuona maua juu ya mti ndipo utafute salfa. Ingia chini ya mkorosho mapema, tazama ndani kwenye shina na matawi makubwa. Mara nyingi hapo yako machipukizi yaliyoota kivulini, na ugonjwa hupenda kuanza katika machipukizi hayo, kisha upepo huupeleka unga wake juu kwenye maua. Yakate yote, uyatoe shambani. Palilia chini ya miti ili hewa ipite, na moto wa porini usipate nyasi za kuula mti wako. Kisha mashada ya maua yanapoanza kutokeza, pulizia salfa asubuhi na mapema, upepo ukiwa umetulia na umande ungali juu ya majani, maana unga hushika vizuri penye umande. Fuata kipimo na siku za kurudia kama Bwana Shamba wako atakavyokuonyesha. Mkulima anayeanza wiki tatu baada ya ugonjwa kuenea anatupa salfa yake bure.

MIOMBO, MNINGA NA MBUYU

Septemba na Oktoba, joto linapozidi, ndipo miombo inapochipua. Mninga hutoa maua ya manjano, nayo hayakai siku nyingi. Mbuyu uliokuwa mtupu kama mti uliokufa huanza kuvaa majani. Miti hii inapata wapi maji, na mvua bado?

Jibu liko chini. Mizizi ya miti mikubwa huenda mbali sana ndani ya ardhi, mahali ambapo maji ya masika yaliyopita yangali yapo. Mbuyu huweka maji mengi katika shina lake nene. Mchana ukianza kurefuka na joto likipanda, mti hutumia akiba hiyo kutoa majani, ili mvua itakapokuja majani yawe tayari yamekomaa. Huu ni utaratibu wa mti unaoishi miaka mingi na kumiliki ghala lake chini ya ardhi. Hindi lako halina ghala. Punje ya mahindi uliyoifukia inchi mbili chini ya ardhi haina maji yo yote ila yale yaliyo katika inchi hizo chache. Mwombo ukichipua wiki sita kabla ya mvua haupati hasara. Hindi likichipua wiki tatu kabla ya mvua limekwisha.

Kwa hiyo uonapo miombo imekuwa myekundu, usishike mbegu. Shika panga na jembe. Hiyo ndiyo saa ya kusafisha shamba, kurundika mabua na kuyaacha yafunike ardhi badala ya kuyachoma, kukata njia ya kuzuia moto kuzunguka mikorosho, na kutengeneza matuta ya kukinga maji mahali penye mteremko. Ndiyo saa ya kununua mbegu kabla ya watu wote kukimbilia dukani. Kama unatumia mbegu zako mwenyewe, zijaribu. Hesabu punje 100, zifunge katika kitambaa kibichi, kiweke kivulini na kukilowesha kila siku. Baada ya siku saba hesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 80, ongeza punje katika kila shimo au tafuta mbegu nyingine. Kazi hii haigharimu hata senti moja, nasi twashangaa jinsi inavyofanywa na watu wachache.

JUA, NYOTA NA NDEGE

Wilaya zetu ziko kiasi cha digrii kumi kusini ya Ikweta. Jua, katika safari yake ya kwenda kusini, hupita juu ya vichwa vyetu karibu na tarehe 20 Oktoba. Simika mti ulionyooka uwanjani siku hiyo, uutazame mara tu baada ya saa sita mchana: kivuli chake hutoweka chini yake. Mvua hulifuata jua kwa nyuma. Ukanda wa mawingu huteremka kutoka kaskazini, pepo za kusi zinalegea na za kaskazini zinaanza, na mara nyingi mvua zenyewe hutufikia mwishoni mwa Novemba au katika Desemba. Kivuli cha mti wako hakikosei hata siku mbili. Mvua yaweza kuchelewa mwezi mzima.

Wazee walitazama Kilimia, kundi lile la nyota ndogo zilizokaa pamoja, na jina lake lenyewe latokana na kulima. Katikati na mwishoni mwa Novemba Kilimia huchomoza mashariki wakati jua linapozama magharibi. Kwa mtu asiyekuwa na kalenda hiyo ilikuwa kalenda nzuri kabisa, na hata leo haina kasoro. Yakueleza kwamba wakati umefika. Kama mwaka huu mvua imefika pia, hilo utaliona kwingine.

Mbayuwayu nao hufika katika miezi hii, Septemba na Oktoba, wengi wao wakitoka Ulaya kukimbia baridi. Kule kwao, wanaporudi Machi na Aprili, wakulima huwapokea kama dalili ya majira mema, lakini wana msemo kwamba mbayuwayu mmoja haleti kiangazi. Ni ndege yule yule, na onyo lile lile latufaa sisi, maana mvua moja haileti masika.

Kumbikumbi ni shahidi bora kuliko hao wote. Hawatoki mpaka mvua imelainisha ardhi, kwa kuwa wakishuka chini sharti wachimbe makao mapya. Uonapo kumbikumbi wengi wakiizunguka taa, jua kwamba mahali hapo mvua iliyonyesha haikuwa manyunyu. Lakini kumbikumbi anaridhika na mvua moja nzuri, nawe huwezi kuridhika nayo.

MVUA YA KWANZA NA MVUA YA KUPANDIA

Mvua za kwanza za huku ni za ngurumo, nazo hunyesha kwa madoa. Yaweza kunyesha sana Naipanga na isinyeshe Mnero. Yaweza kulowesha shamba lako na kuliacha la jirani kavu. Kwa hiyo usipande kwa sababu umesikia kwamba mahali fulani wamepanda. Tazama shamba lako mwenyewe.

Kwanza, pima mvua. Huhitaji chombo cha serikali. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, lenye mdomo sawa na kitako chake, ulisimamishe mahali pa wazi mbali na miti na paa. Baada ya mvua chovya rula ndani yake mara moja, kabla jua halijakausha maji. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Basi milimita 25, yaani kiasi cha inchi moja, ni lita laki moja katika ekari moja. Maji hayo ni mengi yakitajwa hivyo, lakini jua la Novemba hunywa milimita tano na zaidi kwa siku kutoka ardhi iliyolowa. Mvua ya milimita 8 ikinyesha jioni, baada ya siku mbili ni kama haikunyesha.

Pili, chimba. Hii ndiyo kazi tunayoisisitiza kuliko zote. Siku ya pili baada ya mvua, chukua jembe, chimba mahali patatu au panne katika shamba, si pembeni kwenye kivuli wala bondeni panapotuama maji. Chimba kiasi cha shibiri moja, yaani inchi tisa hivi. Chukua udongo wa chini kabisa ya shimo, uufinye katika kiganja. Ukishikamana kama donge na usipasuke unapoutupa juu na kuudaka, chini kumelowa. Ukimwagika kama unga, maji hayajafika, hata kama juu pana tope. Udongo wa kichanga hauwezi kushikamana sana. Huo utaujua kwa ubaridi wake mkononi na rangi yake iliyokoza. Kichanga hulowa upesi na kwenda chini zaidi kwa mvua ile ile, lakini pia hukauka upesi. Mfinyanzi hunywa polepole na kuhifadhi. Mwenye shamba la mfinyanzi hana budi kungoja mvua nyingi zaidi kuliko jirani yake wa kichangani, na asione haya jirani akimtangulia.

Kama kopo lako limeonyesha milimita 25 au zaidi kwa siku mbili au tatu zinazofuatana, na mashimo yako yamelowa shibiri moja, na mawingu bado yanarudi kila alasiri, hiyo ni mvua ya kupandia. Kama moja ya hayo halipo, ngoja.

Yafaa ujue kwa nini mvua ndogo ni adui kuliko kukosa mvua kabisa. Punje iliyo katika udongo mkavu kabisa hulala. Yaweza kuliwa na mchwa, panya au kanga, lakini haifi kwa ukavu. Mvua ndogo huiamsha. Punje hunywa maji, huvimba, hutoa mzizi, na kuanzia hapo haiwezi kulala tena. Maji yakiisha, nayo imekwisha. Ndiyo maana wale wanaopanda kavu mwezi wa Oktoba au Novemba, kabla ya mvua, wanacheza bahati nasibu. Mwaka mmoja wanashinda na kuvuna mbele ya watu wote. Mwaka wa pili wanapanda mara tatu. Kama huna budi kupanda kavu kwa sababu shamba ni kubwa na mikono ni michache, panda hivyo mtama peke yake, maana huvumilia kuliko mahindi, tena katika sehemu ndogo ya shamba. Usiweke karanga zako hatarini namna hiyo.

Hata mvua ya kupandia ikifika, usimwage mbegu yote siku moja. Weka akiba ya theluthi moja. Ikiwa mvua itakatika, una mbegu ya kurudia. Isipokatika, utapanda sehemu iliyobaki baada ya wiki moja, wala hutapoteza kitu.

Nchi hii imewahi kuona watu wenye mashine nyingi wakishindwa kwa kutojua mambo haya. Kati ya mwaka 1947 na 1951 Serikali ya Uingereza ilitaka kulima karanga kwa matrekta huko Kongwa, Urambo na hapa hapa Nachingwea. Walifyeka misitu, wakajenga reli na bandari ya Mtwara, lakini mvua na udongo havikuchunguzwa kwa miaka ya kutosha kabla ya kazi kuanza. Mpango ule uliachwa. Hitilafu zake zilikuwa nyingi, wala hatusemi kwamba mvua peke yake iliuangusha. Lakini mwenye kopo moja na daftari la miaka kumi angeweza kuwaambia jambo la maana.

USIKAWIE MVUA IKISHAFIKA

Tumesema ngoja. Sasa twasema upesi, na mambo haya mawili hayapingani. Ukishaiona mvua ya kupandia, siku chache zinazofuata ni za thamani kubwa. Udongo uliokauka miezi mingi kisha ukalowa hutoa chakula kingi cha mimea kwa muda mfupi, kwa sababu vijidudu vya udongo huamka na kuozesha masalio ya majani na mizizi. Jambo hili lilichunguzwa na mtaalamu wa udongo H. F. Birch huko Muguga, Kenya, katika miaka ya 1950, na hata leo wataalamu huliita kwa jina lake. Hindi lililopandwa mapema hukikuta chakula hicho. Hindi lililopandwa wiki tatu baadaye hukuta mvua kubwa zimekwisha kukipeleka chini mbali na mizizi, na magugu yamekula sehemu yao.

Tena kuna sababu ya pili. Katika mikoa yetu ya kusini mvua mara nyingi hukatika wiki moja au mbili mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Hindi lililokwisha kushika mizizi chini huvumilia. Lile linalochanua wakati huo huo huumia sana, maana siku za kutoa mbelewele na ndevu ndizo linapohitaji maji kuliko siku zote. Kwa hiyo palilia mapema, kabla ya ukavu huo, ili magugu yasigawane maji na mazao.

Ufuta hauna haraka hii. Huo husubiri Januari na Februari, ili ukomae na kukauka mvua zikiwa zimekwisha. Mkulima wa Ruangwa anayejua ufuta hahitaji kuambiwa, lakini wako vijana wanaoanza wanaopanda Desemba pamoja na mahindi, kisha ufuta unaozea shambani.

REDIO NA DAFTARI

Kabla ya Novemba kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za msimu kwa mikoa inayopata masika moja, na Lindi ni mmojawapo. Usikilize. Ukisema kwamba mvua zitachelewa au zitakuwa chache, ongeza muhogo, mtama na mbaazi, na chagua mahindi yanayokomaa upesi. Lakini utabiri huo ni wa eneo kubwa. Hauwezi kukueleza kama shamba lako limelowa shibiri moja. Kwa hilo rudi kwenye jembe.

Mwisho, tunakuomba ununue daftari dogo, au umpe kazi hii mtoto anayesoma. Mwaka huu andika siku mkorosho wako wa kwanza ulipotoa shada la maua, siku miombo ya karibu nawe ilipokuwa myekundu, siku kumbikumbi walipotoka, kila mvua na kipimo chake katika kopo, siku uliyopanda na siku mbegu zilipoota. Andika pia siku mvua ilipokatika Januari, na iliporudi. Bwana Shamba akija kukutembelea, mwonyeshe daftari hilo kabla hajaanza kukueleza lolote.